Wakuu wa Texas: bima ya gari imepanda, nasikia gari lenyewe ndilo linanichoma. Nina haki gani kisheria?

#1 Mshua wa Irving
Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja.

Nina gari la 2021, nimelinunua yadi hapa hapa Dallas. Sina ajali, sina tiketi, naenda kazini narudi, Jumapili kanisani. Mwezi huu nimehuisha bima, wamepandisha karibu theluthi nzima. Nikampigia wakala, dada wa watu akazunguka weee, mwisho akaropoka kwamba mfumo unaonyesha nafunga breki za ghafla na natembea sana usiku. Mfumo upi? Kile kifaa chao cha kuchomeka kwenye gari sijawahi kukiweka, na programu yao sina kwenye simu. Akasema hiyo siyo idara yake.

Sasa nasikia Texas ina sheria ya taarifa binafsi. Nani amewapa hizo breki zangu? Naweza kuwalazimisha wanionyeshe, kisha wafute? Jina la kampuni wala aina ya gari sitaji, msinichoshe.

#2 Bata Mzinga
Jumapili kanisani, na Jumamosi usiku je? Gari halina sababu ya kukusingizia mkuu 😂

#3 MamaTunu
Bata, umeanza. Mleta uzi subiri waje wajuzi. Nami nimekaa mkao wa kula, maana yangu imepanda vilevile, na saa nne usiku mimi huwa nimeshalala.

#4 Karani wa Houston
Nafanya kazi kwenye ofisi ya wanasheria ila mimi si mwanasheria, naeleza ninavyoijua.

Sheria unayoisikia inaitwa TDPSA. Gavana Abbott aliisaini Juni 2023, ikaanza kutumika Julai 1, 2024. Mkazi wa Texas anaweza kuiuliza kampuni kama ina taarifa zake, akaonyeshwa, akapewa nakala, zenye makosa zikasahihishwa, asizozitaka zikafutwa. Zaidi ya hapo anaweza kujitoa kwenye mambo matatu: taarifa zake kuuzwa, matangazo ya kumfuatilia, na kupimwa na mashine kwa maamuzi mazito kama mkopo, nyumba, kazi au bima. Kampuni ina siku 45 za kujibu, inaweza kuongeza 45 nyingine mara moja kwa sababu. Mara 2 kwa mwaka ni bure. Wakikukatalia lazima wawe na njia ya rufaa, na rufaa wajibu ndani ya siku 60. Wakikataa tena wanatakiwa wakuonyeshe pa kumlalamikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Mahali ulipo, kwa usahihi wa ndani ya futi 1,750, ni taarifa nyeti. Hawaruhusiwi kuitumia bila ridhaa yako, na anayeiuza lazima abandike tangazo linalosema waziwazi kwamba anaweza kuuza taarifa zako nyeti.

Baya ni hili. Kampuni ya bima yenyewe huigusi kwa sheria hiyo. Taasisi zilizo chini ya GLBA, ile sheria ya shirikisho ya 1999 ya taasisi za fedha, zimeachwa nje, na bima wamo. Hospitali nazo, vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida, idara za serikali, mpaka kampuni za umeme. Kwa hiyo barua yako ukiipeleka kwa bima unapoteza stempu. Mpelekee aliyetengeneza gari, na kila mwenye programu iliyo kwenye simu yako inayojua ulipo.

#5 Kidevu
Umetema madini. Sasa wakikiuka nalipwa ngapi? Nimeona mahali dola 7,500.

#6 Karani wa Houston
@Kidevu hizo 7,500 ni faini ya juu kabisa kwa kila kosa na zinakwenda jimboni. Wewe hulipwi, na kushtaki mwenyewe kwa sheria hii huwezi. Mwenye rungu ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Hata yeye lazima awape notisi ya siku 30 wajirekebishe kwanza, na kipengele hicho hakina tarehe ya kuisha kama majimbo mengine walivyofanya.

#7 Bata Mzinga
Yaani mwizi anapewa siku 30 arudishe kuku. Hii sheria waliiandika wenye banda au wenye mbweha?

#8 Mkwezi wa Plano
Nauza bima huu mwaka wa kumi na kitu, naombeni niwaharibie raha. Texas mvua ya mawe inaua. Kila msimu wa machipuko magari yanapigwa, vioo na mabati yanabadilishwa, na gari la kisasa kioo chake kina kamera na vihisio, bei si ya zamani. Ongeza alama zako za mikopo, maana Texas inaruhusu bima kuzitumia. Ongeza msimbo wa posta unaokaa. Irving mmejazana hapo karibu na uwanja wa ndege, ajali kila kona. Watu wakisikia "taarifa" wanadhani kuna mtu amekaa anawachungulia. Kwa kawaida ni eneo lote limepandishwa.

#9 Mshua wa Irving
Mkwezi, nimekuelewa, lakini mvua ya mawe haifungi breki. Dada alitaja breki na usiku kwa kinywa chake.

#10 Mkwezi wa Plano
Wakala wa simu anasoma alichoandikiwa kwenye skrini. Wakati mwingine ni maneno ya jumla ya kumshawishi mteja ajiunge na mpango wa kupimwa uendeshaji. Sikatai moja kwa moja, nasema usikimbilie.

Halafu kuna kitu Karani amekiruka. Kama walikupandishia kwa sababu ya ripoti kutoka kwa mtu wa tatu, sheria ya shirikisho ya ripoti za wateja, FCRA, inawataka wakutumie barua ikitaja ni wakala gani wa ripoti. Angalia barua zako vizuri, usitupe bahasha.

#11 Sacramento Kwetu
Poleni sana wana Texas 😎 Huku California tuna sheria yetu ya taarifa binafsi, CCPA, tangu Januari 2020, tukaiongezea nguvu kwa kura ya wananchi Novemba 2020, na tuna wakala maalumu wa serikali ambaye kazi yake ni hii tu. Maduka ya vipodozi ya Sephora walilipa dola milioni 1.2 mwaka 2022. Honda mwaka 2025 walitozwa dola 632,500, mojawapo ya makosa ni kudai maelezo mengi mno kwa mtu anayetaka tu kujitoa. Na kuanzia Januari 2026 tuna ukurasa mmoja wa serikali unaitwa DROP, unaandika ombi mara moja, linawafikia madalali wote wa taarifa waliosajiliwa, yaani wanaokusanya na kuuza taarifa za watu. Wao wamepangiwa kuanza kufuta Agosti 1, 2026. Nyie andikeni barua moja moja.

#12 Kidevu
Hiyo DROP naweza kuitumia nikitoa anwani ya binamu yangu wa Oakland?

#13 Sacramento Kwetu
Lazima uwe mkazi, ndugu. Uraia hawaulizi, karatasi za uhamiaji hawaulizi, ila ukazi wanauthibitisha.

#14 Karani wa Houston
@Sacramento Kwetu tuwekane sawa. Hata kwenu mtu wa kawaida hashtaki kwa CCPA ila pale taarifa zake zinapovuja kwa uzembe wa kampuni, na fidia ilianza na dola 100 hadi 750 kwa tukio. Mengine yote ni serikali. Na msajili wa madalali Texas naye yupo, wanajisajili kwa Katibu wa Jimbo tangu Machi 2024. Kitufe kimoja cha kufuta ndicho hatuna.

Mnachotuzidi kweli ni bima. California hawaruhusu alama za mikopo kwenye bei ya bima ya gari, na breki zako hawazipimi, wanachoweza kuhakiki ni maili ulizotembea. Lakini hiyo inatokana na sheria ya bima waliyopigia kura 1988, kabla intaneti haijafika majumbani.

#15 Sacramento Kwetu
Ndiyo hayohayo, tunawazidi.

#16 Troka wa Fort Worth
Niaje wakubwa. Mimi Mkenya, naendesha lori. Ndani ya kabini kuna kamera inanitazama usoni kutoka asubuhi hadi nipaki. Nikipiga miayo inalia. Nikiangalia kando inalia. Bosi anapata video kabla sijafika kwa stendi ya mafuta. Hiyo pia naweza kuitisha ifutwe na hii TDPSA?

#17 Mwana Abilene
Jambo yenu wote. Miye kazi yangu iko kiwanda, kila asubui tunatia kidole pa mlango. Ile alama ya kidole iko ya nani? Nikiacha kazi wanabakiaka nayo? Asanti.

#18 Karani wa Houston
@Troka @Mwana Abilene, TDPSA inamlinda mkazi akiwa kwenye mambo yake binafsi au ya nyumbani. Ukiwa kazini haikuhusu, imeandikwa hivyo kabisa. California peke yao ndio waliowaingiza wafanyakazi, tangu Januari 2023.

Ila kidole na uso vina sheria yao ya zamani, CUBI, ya 2009. Anayechukua alama ya kidole, umbo la uso, sauti au mboni kwa shughuli za biashara lazima akuarifu na upate kukubali. Mwajiri akichukua kwa ajili ya usalama, sababu yake inakwisha ukiacha kazi, na baada ya hapo lazima aviteketeze ndani ya mwaka. Faini inafika dola 25,000 kwa kosa. Anayeshtaki ni yuleyule mmoja, Mwanasheria Mkuu.

#19 Kidevu
Subiri kwanza. Hiyo CUBI si ndiyo Meta walilipa dola bilioni 1.4 Julai 2024 kwa nyuso za watu wa Texas? Na Google bilioni 1.375 Mei 2025, nyuso zikiwa sehemu ya madai? Uso wangu ulikuwemo Facebook tangu niko Sinza. Mgao wangu uko wapi?

#20 Bata Mzinga
Uso wako walipouona ndio wakakubali kulipa haraka 😂😂

#21 MamaTunu
@Kidevu mgao ulikuwa Illinois. Nilikuwa Chicago kabla ya kuhamia huku, Facebook walilipa dola milioni 650 kwa sheria yao ya vidole na nyuso, BIPA, na hundi ikaja kwenye sanduku la barua, karibu dola 400. Nilidhani utapeli, nusura niichane. Wale mtu anashtaki mwenyewe, haombi ruhusa ya mkubwa.

#22 Troka wa Fort Worth
Hiyo ya Illinois madereva tunaijua. Reli ya BNSF walikuwa wanatuma madereva wa malori waweke kidole kwa geti la yadi. Jopo la mahakama 2022 likasema wamekosea mara 45,600, dola milioni 228. Baadaye wakaelewana kwa milioni 75. Na hizo yadi ziko hapa Texas pia, kwa nini hapa hakuna mtu analipwa?

#23 Karani wa Houston
Umejijibu. Mpaka wa jimbo.

#24 Pwani Mchangani
Nipo Dar, nawasoma tu. Nyie mnalia na breki, huku mtu akikopa elfu hamsini kwenye programu, akichelewa siku mbili, bosi wake, mama mkwe na kinyozi wote wanapata meseji kwamba fulani ni tapeli. Kitabu chote cha simu wamekibeba. Na sheria tunayo, Namba 11 ya 2022, imeanza Mei 1, 2023, na Tume ipo. Watu hawajui pa kupeleka barua.

#25 Troka wa Fort Worth
Kenya angalau wameanza kuuma. Septemba 2023 kamishna alipiga klabu ya Casa Vera faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na shule moja pale Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto. Na ukilalamika wewe binafsi unaweza kulipwa fidia. Marekani yote mpaka leo haina sheria moja ya nchi nzima kwa hii mambo, ni kila jimbo na lake.

#26 Bata Mzinga
Kwa hiyo mwenye akili akopee Dar, aende disko Nairobi, apigwe picha Chicago. Mleta uzi, hamia Chicago.

#27 Dada wa Katy
Turudi kwenye mada. Wote mnahangaika na gari, mimi nasema ni SIMU. Januari 2025 Mwanasheria Mkuu Paxton alishtaki Allstate na kampuni yao tanzu Arity, na hiyo ndiyo kesi ya kwanza kwa hii TDPSA. Anadai walilipa watengenezaji wa programu za kawaida waingize kipande cha msimbo ndani yake, kisha wakawa wanakusanya mwendo wa simu za watu zaidi ya milioni 45 nchi nzima. Zimetajwa Life360 ya familia kuonana walipo, GasBuddy, Fuel Rewards. Unadhani unatafuta mafuta ya bei nafuu, kumbe unahesabiwa breki. Allstate wanasema wanafuata sheria.

Na kesi hiyo inadai simu haiwezi kujua kama wewe ndiye dereva au abiria. Ukipanda gari la mtu anayekimbiza, dhambi zake zinaandikwa kwako.

#28 Mshua wa Irving
Dah. Life360 ipo, mke wangu aliiweka kwa ajili ya watoto.

#29 Bata Mzinga
Kwa ajili ya "watoto".

#30 Mpenda Chevy
Dada wa Katy anaacha kubwa zaidi. Machi 2024 New York Times waliandika habari ya jamaa wa Seattle aliyeomba faili lake kwa LexisNexis, kampuni inayokusanya na kuuza ripoti za watu, akaletewa kurasa zaidi ya 250, kila safari yeye na mkewe waliyosafiri kwa Chevrolet Bolt, saa ya kuanza, ya kumaliza, umbali, breki, mwendo. Zilitoka GM, wenye Chevrolet. Texas ikawashtaki GM Agosti 2024 kwa TDPSA, na Januari 2025 FTC, tume ya shirikisho ya biashara, ikatangaza kuwafungia miaka 5 wasipeleke taarifa za uendeshaji kwa hao mawakala wa ripoti. Ni gari wakuu.

#31 Karani wa Houston
Sahihisho dogo: kesi ya GM haiko kwenye TDPSA. Iko kwenye DTPA, sheria ya zamani ya kuzuia ulaghai wa kibiashara. Hilo ni jambo la kuangalia, kwa sababu Paxton mara nyingi anapita mlango huo, na mlango huo hauna siku 30 za kujirekebisha.

@Mshua fanya hivi kwa mpangilio. Kwanza omba faili lako LexisNexis kupitia FCRA. Hiyo ni haki ya shirikisho, bure kila miezi 12, na ukipinga kitu wanachunguza ndani ya siku 30. Usiombe kwa TDPSA, maana ripoti za FCRA nazo zimetolewa nje ya sheria ya Texas, watakurudishia barua yenye adabu nyingi na jibu hakuna. Likifika ndipo utajua barua ya pili ni ya mtengenezaji au ya programu.

#32 Kidevu
Nimeingia kuomba langu. Ili wanionyeshe wanachokijua wanataka niwape namba zangu zote za kunitambua. Kwani hawazijui?

#33 Karani wa Houston
Wanazijua. Wanataka kuhakikisha ni wewe na siyo shemeji yako.

#34 Baridi ya Minneapolis
Salaam kutoka Minnesota. Sheria yetu imeanza Julai 31, 2025. Unaweza kudai orodha ya majina ya wale waliopewa taarifa zako, mmoja mmoja. Nimejaribu kwa duka moja, nikaletewa orodha ambayo nusu yake sijawahi kuzisikia, mojawapo inahusika na mbolea. Nyumba yangu ni ya ghorofa ya nne.

#35 Mkwezi wa Plano
Sasa mnaona? Taarifa zenyewe ni takataka. Mwenye bima makini hawezi kuweka bei kwa takataka hizo. Narudia, mvua ya mawe.

#36 Dada wa Katy
Kama ni takataka kwa nini wanazinunua?

#37 Mshua wa Irving
Wakuu, mrejesho. Faili limefika kutoka kwa mmoja wa hao wakubwa wa ripoti, simtaji. Lina anwani zangu zote tangu nimeingia nchi hii, hata ile ya chumba nilichopanga kwa Mnigeria. Sehemu ya uendeshaji ipo. Safari na saa, umbali, breki. Hazisemi nilikwenda wapi. Kwenye chanzo kuna kifupi cha herufi ambacho Karani amenisaidia inboksi na hatujakielewa.

Lakini kuna safari za usiku wa manane katikati ya wiki, na wiki hiyo gari lilikuwa gereji linatengenezwa mlango. Risiti ninayo.

#38 Dada wa Katy
Basi ni simu! Ulipanda gari la nani?

#39 Mpenda Chevy
Au fundi alikuwa anazurura nalo. Magari yakilala gereji hutembea sana.

#40 Mkwezi wa Plano
Au wamekuchanganya na mtu mwingine mwenye jina kama lako. Nimeliona hilo mara nyingi kwa majina yetu, herufi moja tu. Pinga sasa hivi, ambatisha risiti. Na hata wakizifuta sikuahidi bima itashuka.

#41 MamaTunu
Mshua, jibu swali la Dada wa Katy kwanza, shemeji asije akasoma huu uzi kabla yetu.

#42 Mshua wa Irving
Nilikuwa zamu ya usiku, nalipwa kwa saa, ninayo hata karatasi ya mshahara. Niacheni. Barua ya kupinga nimetuma leo, na ya TDPSA nimeipeleka kwa mtengenezaji na kwa wenye programu. Hao wa TDPSA wana siku 45.

#43 Troka wa Fort Worth
Nina swali la kando. Desemba 2025 Paxton ameshtaki Samsung, Sony, LG, Hisense na TCL, ati televisheni zinapiga picha ya kile unaangalia kwa skrini. Mimi huchomeka leptopu nione mpira wa nyumbani kwa njia ambazo siwezi nikataja hapa. Wameona?

#44 Karani wa Houston
Madai ya kesi ni kwamba inatambua chochote kilichoko kwenye skrini, hata cha kuchomeka. Ingia kwenye mipangilio uizime. Jina la hicho kitu linatofautiana kwa kila aina, na wamelificha vizuri. Yako ni ipi?

#45 Bata Mzinga
Msijibu hapa, fungueni uzi mwingine. Huu nimeutuma kwa shemeji.